Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu UMLS::Similarity, Programu ya Kupima Njia Kati ya Dhana za Kitabibu

Ukurasa huu umeandikwa Tanga kwa ajili ya watumishi wa takwimu za afya, wanafunzi wa vyuo na watafiti wanaotaka kupima, kwa namna inayoweza kurudiwa na mtu mwingine, jinsi dhana mbili za kitabibu zilivyo karibu au mbali ndani ya msamiati rasmi. Programu inayozungumziwa ni UMLS::Similarity pamoja na mwenzake, UMLS::Interface. Anayetaka kusakinisha haraka anaweza kwenda moja kwa moja kwenye swali la usakinishaji, lakini tunamsihi arudi baadaye asome swali la malaria na matende, kwa kuwa humo ndimo tunamokuta makosa mengi ya kutafsiri alama.

## Programu hii hufanya nini hasa?

Hupokea dhana mbili za kitabibu, hutafuta njia fupi inayoziunganisha ndani ya mti wa uainishaji, kisha hutoa namba inayoeleza ukaribu wa dhana hizo. Imeandikwa kwa lugha ya Perl, huendeshwa kwa kuandika amri kwenye terminali badala ya kubofya vitufe, hutolewa bila malipo, na msimbo wake uko wazi chini ya leseni ya GPL. Bridget McInnes, Ted Pedersen na Serguei Pakhomov waliitambulisha kwa wanataaluma mwaka 2009, wakifuata mfano wa WordNet::Similarity, ambayo ilikuwa imekwisha kufanya kazi ya aina hiyo kwa maneno ya kawaida ya Kiingereza.

Kazi imegawanywa sehemu mbili. UMLS::Interface ndiyo inayosoma hifadhidata na kujibu maswali ya msingi: wazazi wa dhana ni wepi, watoto wake ni wepi, iko kwenye kina gani (ngazi ya ngapi kutoka juu), na njia zake hadi kwenye mzizi, yaani dhana ya juu kabisa ya mti, ni zipi. UMLS::Similarity huchukua majibu hayo na kuyafanyia hesabu. Mtumiaji wa kawaida huandika amri moja tu na haoni mgawanyo huo, ila anapokutana na hitilafu ni vyema ajue ni sehemu ipi inayolalamika.

Matumizi yake ni mengi kuliko watu wanavyodhani. Mtafiti aliyekusanya orodha ndefu ya dalili na magonjwa kutoka kwenye majalada anaweza kuipanga katika makundi bila kukaa na kalamu akiamua jozi moja baada ya nyingine. Mkutubi anaweza kupanua utafutaji wa makala ili anayetafuta malaria ya falsiparam aonyeshwe pia makala za malaria kwa ujumla. Anayetengeneza mfumo wa kusoma maandishi ya kitabibu anaweza kuutumia ukaribu wa dhana kuamua neno lenye maana mbili limetumika kwa maana ipi.

## UMLS ni nini, na kwa nini tusitumie ICD-10 peke yake?

UMLS ni mkusanyo wa misamiati ya kitabibu ulioanzishwa mwaka 1986 na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, wakati huo ikiongozwa na Donald Lindberg. Sehemu yake kuu, Metathesaurus, hukusanya zaidi ya dhana milioni 3 kutoka vyanzo zaidi ya 180, ikiwamo ICD-10 (orodha ya kimataifa ya kodi za magonjwa), MeSH (msamiati wa maktaba hiyo wa kupangia makala za tiba) na SNOMED CT (msamiati wa kumbukumbu za wagonjwa), na kuipa kila dhana namba moja inayoitwa CUI: herufi C ikifuatwa na tarakimu 7. Malaria ni C0024530, kifua kikuu ni C0041296, pumu ni C0004096. Chanzo kimoja kinaweza kuiita dhana hivi na kingine vile, lakini namba hubaki ileile.

ICD-10 tunaijua kwa sababu ndiyo tunayokutana nayo kwenye kazi ya kuweka kodi za magonjwa. Ni orodha nzuri kwa kuhesabu wagonjwa na vifo, lakini mti wake ni mfupi: kuna sura, kuna fungu, kuna kodi ya tarakimu chache, na basi. Kipimo kinachotegemea urefu wa njia hakipati nafasi ya kutofautisha katika mti wa ngazi chache kama huo, kwani jozi nyingi zitapata alama moja. MeSH na SNOMED CT zina ngazi nyingi zaidi, na ndiyo maana wengi huanza na mojawapo ya hizo.

## Njia huhesabiwaje?

Ndani ya kila chanzo dhana zimepangwa kwa uhusiano wa mzazi na mtoto, ambao katika UMLS huandikwa PAR na CHD. Kutoka kwenye dhana moja unapanda kwa wazazi wake mpaka ufike mahali ambapo dhana ya pili nayo inapafikia kwa kupanda; kisha unashuka. Mahali hapo panaitwa mzazi wa pamoja aliye karibu zaidi. Kipimo cha msingi kabisa, kinachoitwa `path`, ni 1 ikigawanywa kwa idadi ya vituo vilivyomo kwenye njia fupi, dhana mbili zenyewe zikihesabiwa. Dhana ikilinganishwa na nafsi yake, kituo ni kimoja na alama ni 1.

Tuchukue malaria ya falsiparam, yenye namba C0024535, na malaria ya vivaksi, yenye namba C0024537. Katika MeSH zote mbili ni watoto wa malaria. Njia ina vituo vitatu: falsiparam, malaria, vivaksi. Alama ni 1 kwa 3, yaani 0.333. Amri yenyewe ni hii:

`umls-similarity.pl --config msh.conf --measure path C0024535 C0024537`

Programu itaandika alama ikifuatwa na dhana zote mbili kwenye mstari mmoja, zikitenganishwa na alama `<>`. Ukiwa na jozi nyingi, ziandike kwenye faili, kila jozi mstari wake, katikati ukiweka `<>`, kisha ulitaje faili hilo kwa `--infile`.

Ipo programu ndogo ambayo tunaipenda kuliko hii kubwa, nayo ni `findShortestPath.pl`. Haikupi alama tu, bali hukuonyesha kila kituo cha njia. Zipo pia `findPathToRoot.pl`, inayoorodhesha njia zote kutoka kwenye dhana hadi kwenye mzizi, `findLeastCommonSubsumer.pl`, inayotaja mzazi wa pamoja, na `findCuiDepth.pl`, inayosema kina. Ushauri wetu ni kwamba mtu asikubali alama yoyote ya jozi anayoijali kabla hajaitazama njia yake kwa macho.

## Kwa nini malaria na matende hupata alama ndogo, ilhali hapa pwani tunayaona pamoja?

Hili ndilo swali zuri kuliko yote tunayoulizwa, na mtu wa Tanga ana haki ya kuliuliza. Matende na mabusha ni magonjwa yanayojulikana pwani yote, kituo cha utafiti cha Amani kilichopo Muheza kimeyatafiti kwa miaka mingi sambamba na malaria, na yote mawili huenezwa na mbu. Mbu wa Anopheles wanaoeneza malaria, yaani gambiae na funestus, wanaweza pia kubeba minyoo ya Wuchereria bancrofti, ingawa mjini kazi hiyo hufanywa zaidi na Culex quinquefasciatus anayezaliana kwenye vyoo vya shimo na maji machafu. Chandarua kimoja kinasaidia dhidi ya yote mawili. Inakuwaje basi programu iseme yako mbali?

Itazame njia. Katika tawi la MeSH linalopanga magonjwa kwa aina ya kimelea, malaria iko chini ya maambukizi ya protozoa, ambayo yako chini ya magonjwa ya vimelea. Ukishuka upande wa pili kutoka magonjwa ya vimelea unapita maambukizi ya minyoo, kisha minyoo mviringo, kisha Secernentea, kisha Spirurida (yote mawili ni makundi ya minyoo mviringo), kisha filaria, ndipo unafika kwenye matende ya filaria. Vituo ni tisa. Alama ni 1 kwa 9, yaani 0.111.

Hapo kuna mambo mawili, na yote mawili yanahusu mti wala hayahusu ugonjwa. La kwanza ni kwamba tawi hili limepangwa kwa elimu ya viumbe: linauliza kimelea ni cha ukoo gani, haliulizi kinaenezwa na nani wala kinazuiwa kwa njia gani. Kwa swali hilo, protozoa wa chembe moja na mnyoo mviringo wako mbali kwelikweli, na programu imejibu sawasawa. MeSH ina pia kichwa cha magonjwa yaenezwayo na wadudu, na pale ambapo dhana zote mbili zimewekwa chini ya tawi la namna hiyo, njia fupi itapita huko na alama itapanda. Dhana moja inaweza kuwa na wazazi zaidi ya mmoja; malaria ya ubongo, kwa mfano, iko chini ya malaria na pia iko chini ya maambukizi ya protozoa katika mfumo wa kati wa neva. Programu huchagua njia fupi kuliko zote bila kukuuliza ni tawi gani unalolijali.

La pili ni kwamba matawi hayana ngazi sawa. Upande wa protozoa, malaria iko hatua mbili tu chini ya magonjwa ya vimelea. Upande wa minyoo, matende yako hatua sita chini, kwa sababu waainishaji wa minyoo wameweka ngazi za kati ambazo upande mwingine hazikuwekwa. Kipimo cha `path` huhesabu kila hatua kuwa sawa na nyingine. Basi la Korogwe litokalo Tanga hupita Muheza na Segera, na anayehesabu vituo hivyo bado hajaambiwa ni kilomita ngapi kati ya kimoja na kingine. Vivyo hivyo, hatua moja kutoka minyoo mviringo kwenda Secernentea haibebi tofauti kubwa ya kitabibu, lakini hatua moja kutoka maambukizi kwenda magonjwa ya vimelea hubeba tofauti kubwa sana.

Kwa hiyo alama 0.111 isisomwe kuwa ni ukweli kuhusu magonjwa haya mawili. Ni ukweli kuhusu mahali yalipowekwa ndani ya chanzo fulani, kwa uhusiano fulani, katika toleo fulani. Mtafiti wa udhibiti wa mbu anayetaka kupanga magonjwa kwa msambazaji hapaswi kutumia tawi la vimelea kisha akalaumu programu.

## Je, vipimo vingine vinarekebisha tatizo hilo?

Vinalipunguza, kila kimoja kwa namna yake.

Kipimo cha Wu na Palmer cha mwaka 1994, `wup`, huzingatia kina. Huchukua kina cha mzazi wa pamoja, hukizidisha kwa 2, kisha hugawanya kwa jumla ya kina cha dhana mbili. Kwa ajili ya mfano tu, tukianza kuhesabu kina kwenye dhana ya maambukizi kuwa 1, malaria itakuwa kwenye 4, falsiparam na vivaksi kwenye 5, na matende kwenye 8. Falsiparam na vivaksi zinapata 2 mara 4 gawanya kwa 10, yaani 0.8. Malaria na matende yanapata 2 mara 2 gawanya kwa 12, yaani 0.333. Utaona kwamba ndugu walio chini kabisa ya mti wamesogezwa karibu zaidi kuliko walivyokuwa kwa `path`, na hilo linaafikiana na akili ya daktari. Namba halisi za programu zitatofautiana na hizi kwa kuwa mzizi wa kweli uko juu zaidi.

Leacock na Chodorow, mwaka 1998, walitumia logi, ikiwekewa alama ya hasi, ya urefu wa njia ukigawanywa kwa mara mbili ya kina cha mti mzima. Hicho ni `lch`. Kwa sababu kina cha mti mzima kimo ndani ya hesabu, alama ya `lch` kutoka MeSH haiwezi kulinganishwa na ya SNOMED CT. Kipimo cha `cdist` hufuata mawazo ya Rada na wenzake ya mwaka 1989, nacho huhesabu umbali wenyewe, hivyo kwacho namba ndogo ndiyo ukaribu. Wapo watu waliopanga orodha nzima kinyumenyume kwa kulisahau hilo.

Kundi jingine huacha kutegemea hatua peke yake na kuongeza wingi wa habari uliomo ndani ya dhana. Wazo ni la Resnik, mwaka 1995: dhana inayotajwa mara chache katika maandishi hubeba habari nyingi kuliko dhana pana inayotajwa kila mara, na ukaribu wa dhana mbili ni wingi wa habari wa mzazi wao wa pamoja. Jiang na Conrath mwaka 1997 na Lin mwaka 1998 waliendeleza wazo hilo kwa kuingiza pia habari za dhana mbili zenyewe. Hivi ndivyo vipimo vya `res`, `jcn` na `lin`. Faida yake ni kwamba ngazi za kati zisizobeba kitu, kama zile za minyoo, hazizidishi umbali sana. Gharama yake ni kwamba unahitaji hesabu za maneno kutoka kwenye mkusanyo wa maandishi, na mkusanyo wa maandishi ya hospitali za Marekani hautakupa uzito uleule wa malaria kama majalada ya hospitali ya Bombo hapa Tanga. Asiye na mkusanyo anaweza kutumia chaguo la `--intrinsic`, ambalo hukadiria wingi wa habari kutokana na umbo la mti wenyewe.

Anayeanza tunamshauri aendeshe `path`, `wup` na `lin` kwa jozi zilezile, kisha achunguze jozi ambazo vipimo havikubaliani. Hapo ndipo penye kujifunza.

## Dawa mseto na malaria zina uhusiano wa wazi. Mbona alama ni ndogo mno?

Kwa sababu vipimo vya njia hupima kufanana, wala havipimi kuhusiana. Falsiparam na vivaksi zinafanana: zote ni aina za malaria. Artemeta iliyomo ndani ya ALu, dawa mseto ambayo Tanzania iliichagua mwaka 2006 kuwa ya kwanza kutibu malaria isiyo kali, haifanani na malaria hata kidogo, inaitibu. Katika MeSH dawa ziko mti wao na magonjwa yako mti wao, na njia ya kutoka moja kwenda nyingine kwa wazazi na watoto hulazimika kupanda hadi juu kabisa.

Unaweza kuongeza aina nyingine za uhusiano, kama RB na RN kwa dhana pana na dhana finyu, au RO kwa uhusiano mwingine, ambamo uhusiano wa kutibu unaweza kupatikana. Lakini ukifanya hivyo mti haubaki mti, njia zinaongezeka kupita kiasi, na maana ya kina inapotea. Kwa kuhusiana ni bora kutumia `lesk` au `vector`, vipimo vinavyolinganisha maelezo ya dhana badala ya njia.

## Faili la usanidi liandikweje?

Kwa kuanzia, mistari miwili inatosha:

`SAB :: include MSH`
`REL :: include PAR, CHD`

Mstari wa kwanza hutaja chanzo na wa pili hutaja uhusiano. MSH ni MeSH. SNOMEDCT_US ni toleo la Marekani la SNOMED CT. Vipimo vya `lesk` na `vector` hutumia mistari ya SABDEF na RELDEF badala ya hiyo. Lihifadhi faili hili kwa jina linaloeleweka, na usiligeuze katikati ya kazi.

Baadhi ya watu huingiwa na tamaa ya kuvijumuisha vyanzo vyote kwa kudhani kwamba vingi ni bora. Misamiati iliyotungwa na watu mbalimbali kwa malengo mbalimbali ikiunganishwa, mzazi katika chanzo kimoja anaweza kuwa mtoto katika kingine, na mzunguko ukatokea. Programu huigundua mizunguko na kuikata, lakini njia inayobaki inaweza kuwa mchanganyiko ambao hakuna mtaalamu yeyote aliyeukusudia.

## Ninahitaji nini ili kusakinisha?

Unahitaji leseni ya UMLS, ambayo huombwa kwa Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani bila malipo na humtaka mwenye nayo atoe taarifa fupi ya matumizi kila mwaka. Unahitaji nafasi ya makumi ya gigabaiti kwenye diski, MySQL (programu ya hifadhidata) na Perl. Baada ya kupakua UMLS utaendesha MetamorphoSys, programu inayokuja nayo, ambayo hukuruhusu kuchagua vyanzo unavyovitaka na kuandika mafaili ya kuingiza kwenye hifadhidata. Majedwali yanayosomwa ni pamoja na MRCONSO, lenye majina ya dhana, MRREL, lenye uhusiano, MRSTY, lenye aina za dhana, na MRDEF, lenye maelezo. Kisha sakinisha UMLS::Interface na UMLS::Similarity kutoka CPAN, ghala la vifurushi vya Perl.

Jina la mtumiaji na nywila ya MySQL viwekwe ndani ya faili la `my.cnf`, visiandikwe kwenye amri yenyewe, hasa katika kompyuta inayotumiwa na watu wengi, kwa sababu amri hubaki kwenye kumbukumbu ya terminali.

Kwa kazi za mafunzo tunapendekeza MeSH. Haina masharti ya ziada juu ya leseni ya UMLS, ni ndogo, na mti wake unasomeka. SNOMED CT ina masharti yanayotegemea nchi, na mtu anapaswa kuyasoma kabla hajaijenga kazi yake juu yake.

## Mara ya kwanza imekaa muda mrefu bila kujibu. Imekwama?

Haijakwama. Kabla ya jibu la kwanza programu hujenga faharasa ya njia zote kutoka kila dhana hadi mzizi kwa usanidi uliouchagua, na kwa vyanzo vikubwa kazi hiyo huchukua saa nyingi. Baada ya hapo majibu huja haraka, mpaka utakapobadili usanidi. Mwenye jozi chache tu anaweza kutumia `--realtime`, inayotafuta njia papo hapo bila faharasa. Mwenye jozi maelfu aiache ijenge, na ahakikishe kompyuta ina umeme wa akiba usiku huo.

## Nimepata -1. Maana yake nini?

Dhana mojawapo haimo kwenye chanzo ulichokitaja, au hakuna njia kati ya hizo mbili. Si alama ya umbali mkubwa. Ukiijumuisha kwenye wastani utaharibu matokeo yote. Itenge, kisha uichunguze kwa `findPathToRoot.pl` ili ujue ni dhana ipi inayokosekana.

## Nimeandika neno badala ya namba, na sielewi programu imechagua dhana ipi.

Neno moja linaweza kuelekea dhana kadhaa. Neno la Kiingereza `cold` huelekea mafua, baridi ya hali ya hewa na hisia ya baridi mwilini, kila moja na CUI yake. Ukiandika neno, programu hujaribu dhana zote na kukurudishia jozi yenye alama ya juu kabisa, jambo ambalo huelekea kukuza ukaribu. Chaguo la `--allsenses` hukuonyesha jozi zote. Kwa kazi ya kuchapishwa, tumia namba tu.

## Dodoso zetu zimejazwa kwa Kiswahili. Tufanyeje?

Tengenezeni jedwali lenu: safu moja neno lilivyoandikwa na mhojiwa, safu ya pili CUI, safu ya tatu jina la aliyeamua na sababu yake. Maneno mengi ni mepesi. Pumu ni pumu. Lakini degedege, kwa mfano, huenda mhojiwa amekusudia mtukutiko wa mtoto kutokana na homa, huenda ni malaria ya ubongo, na huenda ni kifafa. Dhana hizo tatu ziko matawi tofauti, kwa hiyo uamuzi wa safu ya pili unabadilisha kila njia inayotoka hapo. Uamuzi huo ni wa mganga anayeifahamu jamii husika, akishirikiana na waliofanya mahojiano. Mtu wa kompyuta asiubebe peke yake. Pale ambapo hawakubaliani, endesheni hesabu mara mbili na kuonyesha matokeo yote.

## Tutajuaje kama alama zinaaminika?

Kwa kuzilinganisha na hukumu za watu. Mwaka 2007 Pedersen na wenzake walichapisha jozi 30 za dhana za kitabibu zilizopewa alama kutoka 1 hadi 4 na madaktari 3 na waweka kodi 9 wa Mayo Clinic, na baadaye Chuo Kikuu cha Minnesota kikatoa seti kubwa zaidi yenye jozi 566 za kufanana na 587 za kuhusiana. Hesabu ya kawaida ni uwiano wa mpangilio wa Spearman kati ya alama za programu na za watu, yaani kuona kama zinazipanga jozi kwa mfuatano uleule.

Seti hizo zina thamani, lakini hukumu zake ni za watabibu wa Marekani na jozi zake hazikuchaguliwa kwa magonjwa ya hapa. Tungependa sana kuona jozi zikiandaliwa na waganga, wauguzi na maafisa wa afya wa Tanga, Muheza, Korogwe na Pangani, zikiwamo matende, mabusha, kichocho na utapiamlo, na kila jozi ikipewa alama na watu kadhaa bila kuonana. Hata jozi chache zilizopangwa kwa uangalifu zingemwambia mtafiti wa hapa jambo ambalo seti za nje haziwezi kumwambia.

## Inaweza kutumika kumsaidia daktari kutambua ugonjwa?

Hapana. Ukaribu wa dhana mbili katika mti hausemi chochote kuhusu uwezekano wa mgonjwa fulani kuwa nazo.

## Je, taarifa za wagonjwa zinapelekwa nje?

Hesabu zote hufanyika kwenye kompyuta yenu, na programu haihitaji jina, namba ya jalada wala kijiji cha mgonjwa. Inahitaji orodha ya CUI tu. Hata hivyo kuandaa orodha hiyo kutoka kwenye majalada ni kuchakata taarifa za watu, nako kunaongozwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 pamoja na vibali vya maadili ya utafiti. Utenganisho wa utambulisho na dhana ufanyike kabla faili halijatoka kwa mtunza kumbukumbu.

## Toleo jipya la UMLS likitoka, turudie hesabu?

UMLS hutolewa mara mbili kwa mwaka, toleo la AA na toleo la AB, na miti ya vyanzo hubadilika: tawi huhamishwa, ngazi ya kati huongezwa, dhana huunganishwa. Jozi ambayo njia yake ilikuwa na vituo vitano inaweza kuamka na vituo vinne bila ugonjwa wowote kubadilika. Kwa sababu hiyo msihamie toleo jipya katikati ya utafiti. Kwenye ripoti tajeni toleo la UMLS, vyanzo, aina za uhusiano, kipimo, toleo la programu yenyewe, na kwa vipimo vya wingi wa habari, maandishi yaliyotumika kupata hesabu. Kisha ambatisheni faili la usanidi na jedwali la CUI. Mkilazimika kuhama, endesheni jozi zote upya katika toleo jipya, na kwa kila jozi iliyobadilika alama chapisheni njia ya zamani na njia mpya zikiwa kando kwa kando.